Meza ya mtandaoni na otomatiki: maswali tunayoulizwa kila wiki hapa Tanga

Kundi letu lacheza D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika kwa mdomo na dadu) kila Ijumaa baada ya isha. Wengine wako Ngamiani, wengine Raskazone, mmoja yuko Muheza, na mmoja alihamia Dodoma kikazi lakini hajatuacha. Twachezea kwenye programu za meza ya mtandaoni: tulianzia Roll20, sasa tuko Foundry. Kila anapokuja mgeni maswali ni yale yale, na karibu yote yatoka shina moja: mtu alidhani programu itafanya jambo yenyewe, haikufanya, au alidhani haitafanya, ikafanya mbele ya watu. Tumeyaandika hapa ili Ijumaa zetu zisiishie kwenye maelezo. Anza na la 1 na la 2, mengine yarukie upendavyo.

## Ya mwanzo

1. Hii si gemu ya kompyuta tu?

Hapana. Gemu ya kompyuta ina kisa chake, maadui wake na mipaka yake. Meza ya mtandaoni ni meza: ramani, kete (alama za wahusika juu ya ramani), dadu, karatasi za wahusika na mahali pa kuandikiana. Kisa anacho msimulizi, yule anayeongoza mchezo. Ukitaka kumhonga mlinzi wa geti kwa pweza wa kukaanga, usitafute kitufe cha pweza. Wasema tu, msimulizi atafakari, na pengine atakuambia utupe dadu uone kama mlinzi ana njaa.

Waliokulia kwenye gemu za simu ndio hupata tabu zaidi hapa. Wamezoea kwamba kisichokuwa na kitufe hakiruhusiwi.

2. Lakini si inajua kanuni? Mbona haikunizuia nilipokosea?

Fikiria bao barazani. Mtu akitakata (akicheza bila kula) huku ana mtaji (nafasi ya kula), ubao haupigi kelele. Wanaopiga kelele ni wazee waliokaa pembeni na vikombe vya kahawa, na watamsema mpaka aondoke. Ubao kazi yake ni kushika kete.

Programu nyingi za meza ziko hivyo hivyo. Zajua hesabu: zajua mhusika wako anaongeza ngapi kwenye dadu, ana uhai kiasi gani, bado ana uchawi wa ngazi ya tatu mara ngapi. Hazikupewa kazi ya kukuzuia. Mhusika mwenye mwendo wa futi 30 aenda miraba sita kwa zamu, lakini wewe waweza kuburuta kete miraba kumi na miwili, nayo itaenda. Rula itaonyesha umbali, basi. Atakayesema “rudi” ni mwenzako.

Imeachwa hivyo kwa makusudi, maana mchezo huu umejaa ruhusa za pekee. Labda msimulizi amekubali kwamba umebebwa na wimbi, umeteleza kwenye utelezi wa mwani, umesukumwa na jini. Programu inayozuia kila kisichoandikwa ingekuwa gemu ya kompyuta, na hapo twarudi swali la 1.

3. Programu zote zina otomatiki kiasi kimoja?

La, na hapa ndipo watu hupotea. Mmoja amecheza kwa jamaa zake Dar, akaja kwetu, akauliza mbona hiki hakijifanyi.

Owlbear Rodeo ni ramani na kete, haikukusudiwa kujua kanuni zako. Yafaa sana kwa kundi linalotaka kuanza leo usiku. Roll20, ambayo ipo tangu 2012, yategemea karatasi ya mhusika unayochagua: bonyeza jina la silaha, dadu zitupwe, jumla itokee. Fantasy Grounds ya tangu 2004 ndiyo kongwe, na ilijengwa tangu zamani ikiwa na otomatiki nyingi: waburuta dadu juu ya adui, yenyewe yalinganisha na kinga yake, yaani namba unayopaswa kuifikia ili umpate. MapTool ni ya bure, na ina lugha yake ya maagizo. Mwenye subira ya kuandika maagizo hayo hujenga karibu chochote.

Foundry, iliyotoka 2020, yenyewe haijui D&D wala mchezo mwingine wowote. Wasakinisha mfumo wa mchezo, na mfumo ndio wenye akili. Kwa hiyo watu wawili waweza kuwa wote “wako Foundry” wakaona mambo tofauti kabisa. Mfumo wa Pathfinder toleo la pili (mchezo mwingine wa aina ya D&D), uliojengwa na watu wa kujitolea, hulinganisha tupo lako la dadu na kinga ya adui na kukuambia kama umefaulu, umefaulu kupita kiasi, umeshindwa au umeanguka vibaya. Sababu moja ni kwamba kanuni zenyewe za Pathfinder zimeandikwa kwa maneno yasiyobadilika maana, mashine ikaona njia. Za D&D zimeandikwa kwa lugha ya mazungumzo zaidi, na ndiyo maana hoja hazishi.

4. Dadu za kompyuta zinatuibia?

Hili huulizwa na yule aliyepata 1 mara tatu mfululizo.

Hesabu kidogo. Dadu ya pande 20 hutoa 1 kwa wastani mara moja katika kila matupo 20. Tukiwa sita, kila mmoja akitupa mara 30 kwa usiku, hayo ni matupo 180, na 1 tisa ni jambo la kawaida kabisa. Zitagawanyika vipi baina ya watu sita, dadu haikuulizwa. Mtu fulani kuzipata nne ndani ya nusu saa si wizi. Mara tatu mfululizo kwa matupo matatu maalumu ni 1 kwa 8,000, lakini sisi tumeshacheza Ijumaa nyingi, na maelfu ya matupo huja na vioja vyake.

Foundry hutumia kanuni ya hesabu iitwayo Mersenne Twister. Roll20 huchota namba zao kutoka kwenye mtikisiko wa mwanga. Zote mbili ni za haki kuliko dadu zetu za plastiki, ambazo mojawapo ilitafunwa pembe na mtoto wa dada yangu na bado yatumika.

## Vita

5. Nikibonyeza silaha yangu, nini hasa kinafanyika?

Kwetu, tukiwa na mfumo wa D&D bila nyongeza nzito, mambo huenda hivi. Umemlenga adui, umebonyeza upinde. Kadi yatokea kwenye dirisha la gumzo ikiwa na jina la silaha. Wabonyeza kushambulia, dadu ya pande 20 yatupwa na nyongeza zako zajumlishwa: tuseme 11, jumlisha 6, ni 17. Msimulizi aona kinga ya adui ni 15, asema “umempata”. Wabonyeza madhara: 9. Msimulizi abonyeza kuyatia, uhai wa adui washuka kutoka 22 hadi 13.

Kwa hiyo kuna mibonyezo minne na mdomo wa mtu mmoja. Mgeni huona ni mingi. Zipo nyongeza, Midi-QOL ikiwa ndiyo maarufu, zinazofanya yote kwa bonyezo moja. Tuliitumia miezi kadhaa, tukaipunguza. Sababu iko swali la 7.

6. Mbona nimetoa madhara 9 na uhai wa adui haukushuka?

Anza na la kawaida: je, ulimlenga adui kabla hujabonyeza? Kuchagua kete yako na kumlenga adui ni vitu viwili. Kumlenga adui kwenye Foundry ni herufi T juu ya kete yake. Nusu ya “programu mbovu” tulizoletewa zilikuwa hizi.

La pili: msimulizi hajabonyeza upande wake. Mpe nafasi, huenda anakunywa maji.

La tatu ndilo tamu. Pengine adui ana ukinzani na aina hiyo ya madhara, na madhara yakagawanywa nusu: 9 yawa 4, maana kwenye D&D sehemu huangushwa chini. Au hadhuriki nayo kabisa. Mfumo unaweza kulifanya hilo kimya kimya. Ukiona namba haiendani, usikimbilie kusema imekosea; huenda umeambiwa siri ya adui bila kusemeshwa.

7. Kwa nini mwasimama na kuulizana, na programu ingemaliza yote kwa sekunde?

Kwa sababu ya pumzi iliyo kati ya dadu na matokeo. D&D ina matendo ya kujibu, yanayofanywa katikati ya zamu ya mwingine. Uchawi wa ngao ni mfano: ukishapatwa, unaweza kuuita, kinga yako ikapanda kwa 5, na pigo lile lile lililokupata likakukosa. Ili hilo liwezekane, lazima mtu aseme “jumla ni 17” kisha anyamaze kidogo.

Tulijifunza kwa aibu. Tulikuwa kwenye pango, ramani tuliyoichora kwa kukumbuka Mapango ya Amboni, popo na vyote. Otomatiki ilikuwa imewashwa yote. Jini akashambulia, 17 dhidi ya kinga 14, madhara yakaingia, mchawi wetu akaanguka, kete ikageuka alama ya fuvu. Yote hayo kabla binti anayemchezesha hajafungua maiki.

“Kaka, nilikuwa nataka kuita ngao,” akasema.

“Kishaanguka, mdogo wangu.”

“Ameangushwa na nani? Mbona mimi sikusikia mtu akisema kitu?”

Alikuwa na haki. Tukarudisha uhai kwa mkono, tukafuta fuvu, tukarudisha umakini uliovunjika (ule unaoushikilia uchawi usikatike), tukarudisha alama ya baraka iliyoondoka na ule umakini, na tukatumia dakika kumi kufumua kilichofumwa kwa sekunde moja. Kuna nyongeza zinazosimama na kukuuliza “wataka kuita ngao?”, lakini swali hilo humtokea mtu hata pale ambapo asingewaza, na huwa kama kumnong’oneza majibu darasani.

Msimamo wetu ni huu: kujumlisha, kugawa nusu, kuhesabu zamu, mashine. Kutangaza kwamba jambo limetokea, mtu. Makundi mengine yamechagua vingine na wanafurahi. Wale wanaopenda mapigano ya haraka, maadui ishirini kwa usiku, bila otomatiki nzima hawafiki.

8. Mpira wa moto: programu itajua nani kaungua?

Itajua nani yumo ndani ya duara. Uchawi huo una duara la futi 20 kutoka katikati, yaani miraba minne kila upande. Ukiliweka, mfumo waweza kuwalenga waliomo, wakatupa dadu za kujinusuru, na madhara ya dadu nane za pande sita, wastani 28, yakaingia kamili au nusu.

Haitajua kwamba mwenzako amejificha nyuma ya nguzo ya matumbawe ambayo msimulizi aliitaja kwa mdomo tu. Haitajua ghala limejaa mkonge mkavu. Tulichoma ghala zima namna hiyo, na programu ilituonyesha sakafu safi isiyo na hata moshi.

9. Umakini na hali kama sumu au kupofuka zinajiondoa zenyewe?

Hali yenye muda wa kuhesabika, tuseme dakika moja, yaweza kuhesabiwa na mfumo au nyongeza. Yenye mwisho wa maneno, kama “mpaka atakapooga maji ya bahari”, yabaki kwa binadamu.

Umakini wa mchawi huvunjika akishindwa kujinusuru baada ya kupigwa. Lengo ni 10 au nusu ya madhara, lililo kubwa; ukipigwa 26, lengo ni 13. Sisi twaiacha programu itukumbushe, kutupa atupe mwenyewe.

## Kwa wasimulizi

10. Otomatiki inapunguza kazi?

Inaihamisha. Dakika unazookoa Ijumaa usiku umezilipa Jumatano.

Chukua ramani ya nyumba moja ya Ngamiani: baraza, ukumbi, vyumba vinne, ua wa nyuma, choo. Picha yenyewe ni dakika mbili. Lakini ili kete ya mchezaji isione chumba cha pili mpaka mlango ufunguliwe, lazima uchore mstari wa ukuta juu ya kila ukuta wa picha, uweke mlango kuwa mlango, dirisha kuwa dirisha, taa ya chemli iwe na mwanga wa futi kadhaa. Mara ya kwanza nilimaliza saa nzima na bado niliacha upenyo kwenye kona ya jiko. Wachezaji wakamwona mwizi kupitia ukuta. Siku hizi ni robo saa.

Fanya kwa ajili ya mahali ambapo watu watakaa usiku mzima. Duka la kupitia, weka picha na uendelee.

11. Nimesakinisha nyongeza arobaini na sasa hakuna kinachofunguka.

Zizime zote, kisha washa moja moja. Najua wachukia kusikia hivyo.

Nyongeza nyingi hutengenezwa na watu wa kujitolea, kila mmoja kwa wakati wake. Foundry ikipanda toleo, mfumo wa mchezo hufuata, nyongeza hufuata baadaye, nyingine hazifuati kabisa. Usiapdeti siku ya mchezo. Kabla ya kuapdeti, nakili folda yote ya data mahali pengine. Aliyepoteza kampeni ya miaka miwili kwa kubonyeza “sawa” yumo kundini na hapendi kuulizwa habari zake.

12. Mbona uchawi fulani haumo kwenye orodha?

Kwa sababu ya haki miliki. Sehemu ya kanuni za D&D za 2014 iliwekwa wazi kwa leseni ya Creative Commons Januari 2023, na programu yoyote yaweza kuibeba. Yasiyowekwa wazi yanunuliwa, au mwenye kitabu ayaandike mwenyewe kwa matumizi ya meza yake. Otomatiki nayo hufuata hapo hapo: ukiandika uchawi kwa mkono, programu itaonyesha maandishi yako, haitakisia unafanya nini.

13. Kanuni zetu za nyumbani itazielewa?

Zile ambazo tayari ni mpangilio, ndiyo: namna ya kuhesabu mwendo wa mshazari, kwa mfano. Nyingine zahitaji nyongeza au mkono. Kwetu pigo la 20 (dadu ya shambulio ikitoa 20) hulipwa kwa kuhesabu dadu za kwanza kwa kiwango cha juu kabisa badala ya kutupa dadu maradufu. Tulitafuta njia ya kuiandika, mwisho tukakubaliana mtu ajumlishe kichwani.

## Umeme, bando na simu

14. Umeme ukikatika katikati ya vita?

Kama meza iko kwenye laptopu ya msimulizi, betri yake ndiyo meza. Ikizima, wote mwatoka. Kilichokwisha kufanyika huwa kimehifadhiwa, maana Foundry huandika kila tendo papo hapo, hivyo mkirudi mwakuta zamu ilipo. Roll20 yenyewe iko kwenye seva zao, mchezo haufi kwa sababu nyumba yako ina giza.

15. Wenzangu hawawezi kuingia nikiwasha Foundry kwa hotspoti ya simu.

Foundry husubiri wageni kwenye lango (port) 30000. Mitandao ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mgeni agonga nyumba ambayo si yako. Suluhisho ni kukodi seva, au kutumia huduma ya kupitisha muunganisho. Sisi twachangishana seva. Kuhusu kulipia programu yenyewe, tazama la 17.

16. Simu yatosha?

Kwa Foundry, hapana. Imetengenezwa kwa skrini ya kompyuta na simu hazimo kwenye vifaa inavyovikubali rasmi. Anayetumia simu kwetu huja kwa sauti tu, msimulizi amsogezee kete. Hilo si baya kama lisikikavyo.

17. Nani alipa?

Foundry: mwenye meza tu, mara moja, bei ya kawaida dola 50. Wachezaji hawalipi. Roll20 yaanza bure, lakini mwanga unaojifunua kwa kadiri ya macho ya kete wahitaji usajili wa kulipia.

## Ya pembeni

18. Programu na msimulizi wakipingana, nani mkubwa?

Msimulizi. Lakini aseme kwa sauti, na aseme kabla watu hawajafurahia matokeo. Kumwambia mtu “umekosa” baada ya kadi kumwonyesha kwamba amepata ni ugomvi wa wiki nzima.

19. Otomatiki yaweza kufichua siri?

Sana. Tulikuwa na bibi muuza samaki pale bandarini, mpole, atoa ushauri mzuri. Msimulizi alikuwa ameiita kete yake “Jini aliyejigeuza bibi”, ajikumbushe. Siku bibi alipotakiwa kutupa dadu, kadi ikaandika jina lote kwenye gumzo mbele ya watu sita. Kimya. Kisha mmoja akasema, “Shikamoo bibi.”

Angalia majina ya kete, angalia mstari wa uhai kama waonekana kwa wote, na tupa kwa siri unapomtupia adui aliyejificha. Orodha ya zamu nayo humtaja aliye gizani usipomficha.

20. Naweza kutupa dadu zangu za plastiki nyumbani na kusema namba?

Ndiyo. Foundry yaweza kupangwa ikuulize namba uiandike mwenyewe, halafu ijumlishe yaliyobaki. Twakuamini. Dadu ikiingia chini ya kitanda, tupa nyingine. Usituambie ilikuwa 20.